Fenway Park: Uwanja ambako aliye mbele hana pa kujificha

IKIWA ulisoma shule ya msingi hapa nchini, bila shaka unaukumbuka mchezo wa raundasi. Aghalabu wasichana ndio waliokuwa mabingwa wake. Mmoja alirusha mpira wa tenisi, mwenzake akaupiga kwa kipande cha mti kilichochongwa vizuri, kisha akatimua mbio kutoka nguzo hadi nguzo huku darasa zima likipiga mayowe. Basi ukijaliwa kufika Boston, Marekani, na mwenyeji wako akuulize kama ungependa kwenda kutazama besiboli, usikatae kwa kudhani kwamba hutaelewa kitu. Utakuwa unakwenda kutazama binamu wa raundasi, ila huyu huchezwa na wanaume wazima wanaolipwa mamilioni ya dola.

Mimi karibu nikatae. Mwenyeji wangu ni Mkenya anayeishi Lowell, mji ulio kaskazini mwa Boston ambako wenzetu wengi wamefanya makao. Alikuwa amenunua tiketi mbili na hakutaka kusikia habari ya uchovu wa safari. Tulipanda gari-moshi la mjini, lile la njia ya kijani, tukashuka katika kituo cha Kenmore.

Ukitoka chini ya ardhi na kuibuka Kenmore, simama kidogo. Hapo, ndugu msomaji, wewe Mkenya si mgeni. Mbio za marathoni za Boston hupita katika barabara hiyo hiyo, na wakimbiaji wanapofika hapo huwa wamebakisha maili moja tu. Mwaka wa 1988 Ibrahim Hussein wetu alipita hapo akielekea kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Mbio hizo hufanyika Jumatatu moja ya Aprili ambayo ni sikukuu katika jimbo hilo, na kwa desturi ya miaka mingi timu ya besiboli ya Boston Red Sox hucheza nyumbani asubuhi ya siku hiyo, mapema kuliko kawaida, ili mashabiki watoke uwanjani na kuja kuwashangilia wakimbiaji. Aprili 19, 2004, waliomaliza wa kwanza walikuwa Wakenya wawili, Timothy Cherigat kwa wanaume na Catherine Ndereba kwa wanawake. Miezi sita baadaye, hatua chache kutoka hapo, kulikuwa na mbio nyingine fupi mno, ambazo watu wa Boston hawajaacha kuzisimulia. Hizo ndizo nilizopelekwa kusimuliwa.

Uwanja wenyewe unaitwa Fenway Park. Ulifunguliwa Aprili 20, 1912, siku tano tu baada ya meli ya Titanic kuzama, na ndio mkongwe kuliko viwanja vyote vya ligi kuu ya besiboli. Kusema kweli ukiuona kwa nje waweza kudhani ni bohari la zamani la matofali. Ndani umebanwa na barabara pande zote, na ndiyo sababu umbo lake limepindapinda kama shamba lililogawanywa baina ya ndugu wasioelewana. Baadhi ya viti ni vya mbao, vimepakwa rangi ya buluu, navyo ni vyembamba kiasi kwamba mtu mnene huomba radhi kushoto na kulia. Tena kuna nguzo za chuma zinazoshikilia paa. Ukiketi nyuma ya nguzo, umeumia.

Upande wa kushoto kuna ukuta mrefu wa kijani wa kimo cha mita 11 hivi, na wenyeji huuita Zimwi la Kijani. Katika kitako cha ukuta huo mna ubao wa matokeo ambao hadi leo hubadilishwa kwa mikono. Watu huketi ndani ya ukuta, gizani, wakitundika tarakimu moja baada ya nyingine. Na huko mbali upande wa kulia, katikati ya bahari ya viti vya kijani, kipo kiti kimoja chekundu. Kiti hicho huonyesha mahali mpira wa Ted Williams ulipotua Juni 9, 1946, mita 153 kutoka alipoupigia. Nilikitazama, nikamtazama mpigaji, nikakitazama tena, nikaona kwamba pengine huyo bwana alikuwa akipiga mpira kwa hasira.

Sasa nikueleze kidogo kuhusu mchezo, maana bila hayo hutaona utamu wa kisa. Kuna vituo vitatu uwanjani, na cha nne ni nyumbani alipo mpigaji. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 27 na kitu. Mchezaji akizunguka vyote akarudi nyumbani, timu yake imepata pointi moja. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na kila zamu huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Kwa hivyo, ili timu ishinde mechi ya kawaida, ni lazima iwatoe wapinzani mara 27. Si mara 26.

Hapo ndipo ilipo siri ya mchezo huu. Katika kandanda, wewe na mimi tumewaona wachezaji wa timu iliyo mbele kwa bao moja wakianguka ovyo, wakijishika goti, kipa akifunga kamba za viatu mara tatu, ilimradi dakika ziishe. Katika besiboli, mechi haina dakika. Tangu mwaka wa 2023 mrushaji amewekewa saa ya sekunde chache ili asizembee, lakini mechi yenyewe haina filimbi ya mwisho. Ukiwa mbele kwa pointi kumi, bado utalazimika kumrushia mpira yule mtu wa 27, tena mpira anaoweza kuupiga, hadi umtoe. Huwezi kulala chini. Huwezi kuurudisha mpira kwa kipa. Mwenyeji wangu alinieleza hayo tukiwa tumeshika soseji zetu ndani ya mkate, na tangu hapo sikuutazama tena mchezo kwa macho yale yale.

Watu wa Boston wamejua pande zote mbili za jambo hilo. Timu yao ilichukua ubingwa mwaka wa 1918, na mwishoni mwa 1919 mwenye timu akamuuza kijana mmoja aliyeitwa Babe Ruth kwa New York Yankees. Ruth akawa mchezaji mashuhuri kuliko wote, Yankees wakatwaa ubingwa mara 26 kufikia mwaka wa 2000, nao Boston hawakupata tena hata mmoja. Watu wakasema ni laana. Mimi nina maoni tofauti. Aprili 1945 Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliletwa katika uwanja huo huo wa Fenway kujaribiwa, kisha timu haikumwita tena. Miaka miwili baadaye aliingia ligi kuu na timu ya Brooklyn, akawa nyota. Red Sox walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, na hiyo ilikuwa 1959. Mwenye timu wa enzi hizo, Tom Yawkey, aliwahi kupewa barabara kwa jina lake mbele ya lango la uwanja. Mwaka wa 2018 jina hilo likaondolewa na barabara ikarudi kuitwa Jersey. Anayewafungia mlango wapigaji bora kwa sababu ya rangi ya ngozi, halafu akalalamika kwamba amelaaniwa, huyo ajiulize mwenyewe.

Kovu kubwa zaidi walilipata ugenini, katika uwanja wa Shea, New York, ambao sasa umeshabomolewa. Ilikuwa Oktoba 25, 1986, mechi ya sita ya fainali. Boston waliongoza mechi tatu kwa mbili dhidi ya New York Mets, na katika zamu ya ziada, ya kumi, walikuwa mbele 5-3. Wapinzani wawili walikuwa wameshatolewa na hapakuwa na mtu kituoni. Alibaki mmoja wa kutolewa, na miaka 68 ya ukame ingekwisha. Mets wakapiga mpira ukafika salama. Wakapiga wa pili. Wakapiga wa tatu. Mrushaji wa Boston akarusha vibaya, mpira ukampita mdakaji, mambo yakawa 5-5. Kisha Mookie Wilson akagusa mpira mnyonge uliobingirika chini kuelekea kituo cha kwanza, alipokuwa Bill Buckner, mwanamume wa miaka 36 mwenye vifundo vya miguu vilivyochoka. Buckner akainama. Mpira ukapita katikati ya miguu yake. 6-5.

Zingatia, msomaji, kwamba matokeo yalikuwa yameshalingana kabla ya mpira huo kumpita. Tena ilibaki mechi ya saba, ambamo Boston walianza kwa kuongoza 3-0 kisha wakashindwa 8-5. Lakini watu walitaka mtu wa kumtwika mzigo, na wakamchagua yeye. Mtu huyo alikuwa amepiga mpira na kufika kituoni salama zaidi ya mara 2,700 katika maisha yake ya kazi, na wote huo ukasahaulika kwa sababu ya mpira mmoja. Alitukanwa, akatishiwa. Hatimaye alihamia Idaho, mbali kabisa upande wa magharibi, na kuishi huko.

Sasa tufike mwaka wa 2004. Nilipokuwa nimeketi hapo Fenway, mwenyeji wangu alininyoshea kidole kituo cha pili, akaniambia nikitazame vizuri, maana kila kitu kilianzia hapo.

Ilikuwa Oktoba, katika nusu-fainali. Timu mbili hukutana mara saba na ya kwanza kushinda mechi nne huendelea. Boston walikuwa wamekutana na mahasimu wao wale wale, Yankees, na walikuwa wameshindwa mechi tatu mfululizo. Ile ya tatu walichapwa 19-8 hapo hapo nyumbani, na watu wakatoka uwanjani mapema wakiinamisha vichwa. Katika historia ndefu ya ligi kuu ya besiboli hapakuwa na timu iliyowahi kuinuka kutoka chini ya mechi tatu bila.

Mechi ya nne ilichezwa Jumapili usiku, Oktoba 17. Zamu ya tisa ilipoanza, Yankees walikuwa mbele 4-3, na kwenye kilima cha kurushia alisimama Mariano Rivera. Huyu alikuwa mwana wa mvuvi kutoka Panama, na kazi yake ilikuwa moja tu, kufunga mlango mechi inapokwisha. Hajapata kutokea mfungaji mlango kama yeye. Mwaka wa 2019 alipopigiwa kura ya kuingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli, alipata kura zote bila kukosa hata moja, na hakuna aliyewahi kupata hivyo kabla yake.

Rivera akamrushia Kevin Millar mipira minne mibaya, na kwa sheria Millar akapewa kituo cha kwanza bure. Millar hakuwa mtu wa mbio. Meneja akamtoa na kumwingiza Dave Roberts, akijua kwamba katika besiboli aliyetolewa kwa mabadiliko harudi tena. Roberts, aliyezaliwa Okinawa kwa mama Mjapani na baba Mmarekani mweusi, alikuwa ameletwa Boston mwisho wa Julai. Katika mechi zote za mchujo za mwaka huo hakupewa nafasi ya kupiga mpira hata mara moja. Alikuwa amewekwa akiba kwa ajili ya miguu yake.

Kila mtu katika uwanja ule alijua atakachofanya. Rivera alijua, mdakaji Jorge Posada alijua, watazamaji wapatao elfu thelathini na kitu walijua, na mwenye kujua zaidi kuliko wote alikuwa Roberts mwenyewe. Alitakiwa aibe kituo cha pili, yaani atoke mbio kabla mpira haujapigwa na afike kabla ya mdakaji kuutupa. Akishikwa, hapana mtu kituoni, na msimu uko ukingoni. Rivera akautupa mpira kituo cha kwanza kumtisha. Roberts akarudi. Akautupa mara ya pili. Akarudi. Akautupa mara ya tatu. Akarudi. Kisha akamrushia mpigaji, Bill Mueller, mpira wa kwanza, na Roberts akachomoka.

Posada aliutupa vizuri. Derek Jeter aliudaka, akashusha mkono wenye glavu kumgusa. Roberts alikuwa ameshajitupa chini kifudifudi na mkono wake uko juu ya kituo. Tofauti yao ilikuwa chini ya kufumba na kufumbua. Mwamuzi akatandaza mikono kuonyesha amefika salama. Mueller naye akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja, Roberts akazunguka hadi nyumbani, 4-4.

Mechi iliendelea hadi zamu ya 12, saa saba na dakika 22 usiku, David Ortiz alipoupeleka mpira juu ya uzio na Boston wakashinda 6-4. Walikuwa wamecheza saa tano na dakika mbili. Usiku wa siku hiyo hiyo wakarudi tena uwanjani, wakajikuta nyuma 4-2 katika zamu ya nane, wakasawazisha, na Ortiz yule yule akamaliza kazi katika zamu ya 14, 5-4. Hiyo ilichukua saa tano na dakika 49. Sijui watu wa Boston walikwenda kazini vipi wiki ile. Mechi mbili zilizobaki, zote New York, walishinda 4-2 na 10-3. Baada ya hapo fainali dhidi ya St. Louis ilikuwa kama kumsukuma mlevi, mechi nne kwa bila, na usiku wa mechi ya mwisho, Oktoba 27, mwezi ulipatwa. Miaka 86 ilikuwa imekwisha. Roberts hakuingia uwanjani hata dakika moja katika fainali hiyo. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyoweza kuinuka kutoka mechi tatu bila na kushinda.

Siku zilizofuata, watu walionekana katika makaburi ya Boston wakiwa na magazeti na bendera ndogo za timu, wakiziweka kwenye makaburi ya baba na babu zao waliofariki wakingoja. Jambo hilo lilinigusa kuliko kombe lenyewe. Kwetu vilevile mtu hawezi kupata habari njema akakosa kumwambia mzee, awe hai au marehemu.

Lakini nilimfikiria pia Rivera, maana kila anayeinuka dakika za mwisho huwa amemwangusha mwenziwe. Mwenyeji wangu akanisimulia kwamba Aprili 2005, siku Red Sox walipokabidhiwa pete zao za ubingwa hapo Fenway, Yankees ndio waliokuwa wageni. Jina la Rivera liliposomwa, uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo vya kejeli, wakimshukuru. Rivera akacheka, akavua kofia na kuwapungia. Mtu mwenye moyo kama huo ndiye anayeweza kesho kupewa tena mpira.

Buckner alichukua muda zaidi. Aprili 8, 2008, baada ya Boston kuchukua ubingwa mwingine mwaka uliotangulia, walimwita arushe mpira wa kufungulia msimu. Alitokea chini ya ule ukuta wa kijani, akatembea polepole peke yake hadi katikati ya uwanja, umbali wa karibu mita mia moja, huku watu wote wamesimama wakimpigia makofi. Alipofika alifuta machozi, kisha akaurusha mpira. Aliaga dunia Mei 2019. Nilipoutazama ukuta ule sikuweza tena kufikiria kimo chake, nilifikiria urefu wa ile safari kutoka ukutani hadi katikati. Ilimchukua zaidi ya miaka 21.

Na jioni yetu je? Ilipofika katikati ya zamu ya nane, watu walisimama wakaimba wimbo wa Neil Diamond, Sweet Caroline, kama wafanyavyo katika kila mechi hapo. Hata mimi niliimba, ingawa maneno niliyajua nusu. Boston walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Zamu ya tisa mmoja wao akafika kituo cha pili, na nikajikuta nimesimama kitandaze mikono kama mwamuzi. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akiandika kila mrusho kwa penseli kwenye karatasi yake, bila kuinua kichwa. Mpigaji wa mwisho akaupaisha mpira juu sana, ukaning'inia kwenye mwanga wa taa, ukashuka ndani ya glavu ya mpinzani. Mtu wa 27.

Mle ndani ya ukuta, mkono wa mtu tusiyemwona ukatundika sifuri. Mzee akajaza kisanduku chake cha mwisho, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Tulipokuwa tukisukumana kuelekea Kenmore nilimuuliza mwenyeji wangu lini watacheza tena. Kumbe ni kesho yake, saa moja jioni.